Magurudumu manane kwa gari moja: shajara ya Toyota 86

Km 88,140, mwisho wa Agosti

Matairi ya nyuma yamekwisha. Vile vituta vidogo vinavyojificha ndani ya mifereji, vyenye kimo cha milimita 1.6, vimeshalingana na uso wa tairi. Ya mbele bado yana milimita tatu na kitu, lakini bega la nje limelika kama kisigino cha kiatu cha mtu anayekanyaga upande. Hizo ni kona. Magurudumu ya mbele ya gari hili yanasimama karibu wima kabisa, na ukikata kona kwa hamasa bega la nje ndilo linalobeba mzigo wote.

Gari ni Toyota 86 ya 2013, gia za mkono, nguvu zinakwenda nyuma. Lina kazi mbili zisizopatana: asubuhi za Jumapili kwenye barabara yenye kona, na safari tatu au nne za milimani wakati wa theluji. Mwaka jana safari za theluji nilipanda kwenye magari ya watu. Mwaka huu nataka kwenda na la kwangu.

Kwa kuwa matairi lazima yanunuliwe, nimeamua kulitazama suala lote kuanzia chini: rimu, upana, mpira, theluji. Nitaandika kila hatua humu, na pale nitakapoboronga pia. Lengo la leo, kabla sijajua mengi, ni seti moja imalize kazi zote.

Km 88,310, wiki moja baadaye

Wazo la seti moja limekufa. Halikufa kirahisi.

Matairi ya majira yote ya siku hizi siyo yale ya zamani. Michelin walipotoa CrossClimate mwaka 2015, lilikuwa tairi lenye tabia ya kiangazi lililopewa alama ya theluji, na tangu hapo wenzao wengi wamefuata. Kwa gari la familia linaloona theluji mara chache, mimi mwenyewe ningeshauri tairi la namna hiyo na kwenda kulala. Tatizo ni zile Jumapili. Kashata, yaani vile vipande vya mpira kati ya mifereji, za tairi linalotaka kushika theluji zimechanjwa mistari mingi myembamba, na kashata iliyochanjwa hujipinda. Kwenye lami ya moto unageuza usukani, unasubiri kidogo, ndipo gari linageuka. Mtu mwingine hata hatagundua. Kwenye 86, ambayo sifa yake kubwa ni usukani, hilo ndilo la kwanza utakalolihisi.

Na tairi la kiangazi nalo haliwezi kuvumilia baridi. Hapa nilikuwa nimekosea kwa miaka mingi: nilidhani hoja ni theluji, kumbe hoja ya kwanza ni joto la hewa. Mpira uliopikwa kwa ajili ya lami ya moto unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata barabara ikiwa kavu kabisa. Baridi ikizidi sana, mpira wa baadhi ya matairi ya mbio unaweza hata kupasuka ukiviringishwa. Mpira wa tairi la baridi una madini mengi ya silika na unabaki laini, halafu ile michanjo myembamba inaongeza kingo za kung'ata. Kwenye theluji kuna jambo jingine la kuchekesha: tairi zuri linashika theluji na kukaa nayo ndani ya mifereji, kwa sababu theluji hunata kwenye theluji kuliko mpira unavyonata. Ndiyo maana tairi la baridi likitoka kwenye theluji linaonekana chafu. Linafanya kazi.

Kuhusu alama: M+S (tope na theluji) ubavuni inaeleza tu umbo la kashata, na mtengenezaji anajiandikia mwenyewe. Alama yenye uzito ni ile ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, maana hiyo tairi linapewa baada ya kupimwa kwenye theluji. Ujerumani tangu Oktoba 2024 haiikubali tena M+S peke yake panapotakiwa tairi la baridi.

Basi seti mbili. Kila moja na rimu zake, maana kuvua na kuvisha tairi kwenye rimu ileile mara mbili kwa mwaka ni kuzichosha kingo za tairi na kuikwaruza rimu.

Km 88,355, jioni ya hesabu

Leo sijagusa gari. Nimekaa na kalamu.

Saizi ya kiwandani ni 215/45R17. Yaani upana milimita 215, ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Ukuta mmoja unakuwa milimita 96.75. Jumlisha kuta mbili na milimita 431.8 za rimu, kipenyo kizima ni 625.3. Hiyo namba ndiyo ninayoilinda, maana kila nitakachochagua kikiikimbia sana, spidomita itadanganya, gia zitahisi ndefu au fupi, na tairi litaanza kulamba madigadi.

225/45R17 inatoa 634.3, yaani asilimia 1.4 zaidi. Inakubalika. 225/40R18 inatoa 637.2, asilimia 1.9. Nayo inaingia, na inchi 18 zinapendeza, sikatai. Lakini ukuta unashuka hadi milimita 90 na rimu inakuwa nzito zaidi, tena uzito wenyewe unakaa mbali na kitovu, mahali pabaya pa kuuweka. Uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Kila shimo na kila tuta, shokapu ndiyo inayohangaika kuurudisha chini. Nimebaki na 17.

Upana wa rimu: ya kiwandani ni inchi 7, ofseti 48. Ninayoitaka ni inchi 8, ofseti 45. Ofseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaolalia habu, kile kitovu cha gari ambako gurudumu hufungwa. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Inchi moja zaidi ya upana ni milimita 12.7 kila upande, na ofseti inalisukuma gurudumu nje kwa milimita 3. Kwa hiyo nje ninasogea 15.7, ndani 9.7. Nimelala chini ya gari na tochi, nimepima nafasi kati ya tairi na shokapu ya mbele: inatosha, ila siyo ya kuchezea.

Kilichonisumbua ni swali la upana wenyewe. Tetsuya Tada, mhandisi aliyeongoza uundaji wa gari hili, hakutaka lining'inie kwenye mshiko mkubwa wa matairi. Kwa masoko mengi lilitoka na Michelin Primacy HP, tairi la magari ya safari ndefu na utulivu, ili liteleze mapema, kwa upole, na dereva ajue. Nikilivika tairi la mbio la upana wa 245 nitakuwa na gari la kasi zaidi na la kuchosha zaidi, maana injini ya farasi 200 haitaweza tena kulichezesha. 225 ndiyo hatua moja juu. Sitaki ya pili.

Hesabu zimekwisha saa sita usiku. Mke wangu amechungulia, ameona michoro ya magurudumu, amerudi kulala bila neno.

Km 88,602, Septemba

Rimu zimefika. Nimezipima kwenye mizani ya bafuni, kwa kujipima kwanza mimi, kisha mimi na rimu mkononi. Ya kiwandani kama kilo 9 na nusu. Mpya, pana zaidi, chini kidogo ya kilo 8. Zimesubiwa kama kawaida, halafu pete yake ikapashwa moto na kukandamizwa huku inazungushwa hadi ikawa nyembamba na ngumu. Zile za kufuliwa kwa shinikizo kubwa zingekuwa nyepesi zaidi, lakini rimu ya barabarani itakutana na mashimo, na sitaki kulia nikigonga moja.

Matairi ni Michelin Pilot Sport 4. Nilifikiria yale ya mashindano yenye namba ya uchakavu 200 (ndogo, yaani mpira laini), marafiki wawili wanayaapia. Yanahitaji kupashwa joto ndipo yashike, yana mifereji michache kwa maji mengi, na yanakwisha kama kifutio. Jumapili yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, lami bado ina umande.

Km 88,790

Gari linatetemeka. Linaanza kwenye kilomita 95 kwa saa, linazidi kwenye 105, na kufika 120 linatulia. Usukani unacheza mkononi kama simu iliyozimwa sauti.

Nimerudi kubalansi, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu. Mashine inasema sufuri, sufuri. Wamerudia. Sufuri, sufuri. Nimeanza kuzichukia rimu nilizozipenda wiki iliyopita.

Km 88,815

Fundi mwingine, mzee mmoja asiyependa haraka, hakugusa mashine kabisa. Alivua gurudumu la mbele kushoto, akaingiza kidole kwenye tundu la katikati, akaniita.

"Njoo ushike hapa, bosi. Hii pete inacheza."

Tundu la katikati la rimu nyingi za kununua huwa kubwa, ili rimu iingie magari mengi, halafu unaweka pete ya plastiki au alumini ya kujazia pengo. Habu ya 86 ni milimita 56.1. Pete nilizopewa zimeandikwa 57.1, kwa maandishi madogo ambayo unayaona ukiwa umeshajua pa kutazama. Tofauti ni milimita moja. Mashine ya balansi haikuweza kuiona kwa sababu inaishika rimu kwa koni yake yenyewe, wala haina habari na habu yangu.

Pete sahihi zimewekwa, nati zimekazwa kwa mpangilio wa nyota, gurudumu likiwa bado hewani kwanza, kisha chini kwa spana ya kupimia mkazo, nyutonimita (Nm) 120. Mtetemo umetoweka kabisa.

Nikamuuliza kwa nini wa kwanza hakuona. Akasema, "Alikuwa anatazama tairi," akaendelea na kazi yake.

Km 89,940, Oktoba

Zaidi ya kilomita elfu moja na seti ya kiangazi. Niseme nini? Usukani umekuwa mzito kidogo, na gari linageuka wakati uleule ninaogeuza. Breki zinauma mapema zaidi. Nyuma bado inateleza nikiitaka, ila sasa lazima niitake. Kuna kona moja ndefu ya kushoto inayozidi kujikunja mwishoni. Zamani mbele ilikuwa inaanza kupiga kelele na kusukumwa nje, sasa inakaa kwenye mstari na ninabaki na nafasi ya kufikiri.

Lawama: kelele kwenye lami yenye kokoto, na mawe madogo yanarushwa hadi kwenye milango. Upepo nimeanza na psi 35 kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, nikajaribu 33 mbele. Nimerudi 35. Bega la nje lilianza kuwa na vumbi la mpira hadi karibu na maandishi, dalili kwamba ukuta unalala.

Asubuhi ya leo kipimajoto cha gari kimesoma nyuzi 6. Kwenye kona ya kwanza nyuma imetoka bila salamu. Lami kavu kabisa. Haya, ni wakati wa seti ya pili.

Km 90,020

Kwa baridi nataka rimu ndogo na tairi jembamba. Wenye kupenda sura watasikitika. Tairi jembamba linakata theluji iliyolainika hadi kufikia kilicho chini yake, lile pana linaelea juu kama mtumbwi. Na ukuta mrefu ni bima dhidi ya mashimo yaliyofunikwa na theluji, ambayo huyaoni mpaka uyasikie.

205/55R16 inatoa kipenyo cha milimita 631.9, asilimia moja tu juu ya saizi ya kiwandani. Japani kuna 86 zilizotoka kiwandani na saizi hiyohiyo. Ila hizo zilikuwa na breki ndogo, na diski zangu za mbele ni milimita 294. Kwa hiyo nimekata boksi gumu kwa umbo la kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, kuanzia uso wa habu hadi mgongo wa kalipa, nikaenda nalo kutazama rimu za mitumba. Seti ya kwanza boksi liligonga spoki. Ya pili lilipita, nafasi imebaki kama milimita 4 kwenye pete ya ndani. Nimezichukua.

Zilikuwa na matairi ya baridi juu yake, "kashata nzima kabisa," muuzaji alisema, na kweli zilikuwa na milimita 7. Lakini kwenye ubavu, mwisho wa msimbo wa DOT, kuna tarakimu nne: 3715. Wiki ya 37, mwaka 2015. Nikabonyeza ukucha kwenye kashata. Haukuingia. Ukibonyeza mpira wa tairi jipya la baridi, ukucha unaacha alama inayorudi taratibu. Huu ulikuwa kama soli ya buti la jeshi. Tairi la baridi lenye mpira mgumu ni tairi la kiangazi baya. Nimelipia rimu tu, matairi nimemwachia.

Km 91,480, Novemba

Matairi mapya ya baridi yamefungwa. Chaguo lilikuwa kati ya koo mbili. Kuna yale ya barafu hasa, laini mno, ukoo wa Bridgestone Blizzak na Nokian Hakkapeliitta, jina ambalo Wafini wamelitumia tangu 1936. Na kuna yale ya baridi yaliyotengenezwa kwa barabara za kasi, magumu kidogo, yanayoshikilia usukani vizuri zaidi kwenye lami tupu na iliyoloa. Ningekuwa naishi kwenye barafu nisingesita, Blizzak. Lakini katika kila kilomita mia zangu za msimu wa baridi, labda tano zina theluji. Nimechukua ukoo wa pili, wenye mshale wa mwelekeo ubavuni, yote manne sawa.

Yote manne. Kuna watu wanaweka mawili tu kwenye magurudumu yanayovuta. Kwenye 86 hiyo ingemaanisha nyuma inashika, mbele inakwenda itakako. Kwenye gari linalovutwa na mbele ni kinyume chake na kibaya zaidi: unakanyaga breki, mkia unakupita.

Seti ya kiangazi iko stoo, imeoshwa, imelazwa moja juu ya jingine, kila tairi limeandikwa kwa chaki lilikotoka. Cheni za theluji zipo kwenye buti ya gari, na nimezifunga mara moja nyumbani kwa mazoezi, kwenye magurudumu ya nyuma. Dakika 25 na vidole vizima. Kwenye giza na upepo ingekuwa saa nzima.

Km 92,255, Desemba, milimani

Theluji ya kwanza. Nilijaza upepo psi 35 gereji, kwenye nyuzi 20. Asubuhi hii, nyuzi 6 chini ya sufuri, kipimo kimesoma 31 na taa ya upepo inawaka. Kila nyuzi tano au sita zinazoshuka zinakula psi moja. Nimeongeza kwa pampu ya mkononi huku mvuke unanitoka mdomoni.

Kabla ya kupanda tulitafuta uwanja mtupu wa maegesho, theluji imeshindiliwa. Kutoka kilomita 30 kwa saa, breki hadi chini. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ilikoroma, gari likasimama hatua 13 baada ya alama. Mwenzangu ana gari kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne, na matairi yake ya kiangazi. Kuondoka aliniacha mbali, sibishani. Akafika kwenye alama, akakanyaga breki, akanipita dirishani taratibu huku ananitazama. Hatua 25 na ushei. Hata magurudumu manane yangevuta, yasingemsaidia kusimama.

Kupanda kulikwenda vizuri zaidi ya nilivyotegemea. Gia ya pili, mguu mwepesi, difu ya Torsen, inayopeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu lenye mshiko, inagawa nguvu bila fujo. Palipokuwa na theluji ya kina cha kifundo cha mguu nilisikia bampa ya mbele ikikwangua. Chini ya gari hili kuna nafasi ya sentimita 13 tu, na tairi zuri namna gani haliwezi kusaidia tumbo likishalala juu ya theluji. Siku ya theluji kubwa nitabaki chini.

Mahali pa kutisha hapakuwa juu. Palikuwa chini, karibu na daraja, nyuzi sufuri kamili, barafu yenye unyevu. Barafu ya baridi kali inashikika kuliko inayokaribia kuyeyuka, maana hii ya pili ina utando wa maji juu yake. Mbele ilikwenda moja kwa moja kwa urefu wa gari zima. Nililegeza usukani, ikashika. Niliendelea kwa kilomita 20 kwa saa, na mtu wa nyuma akanipigia honi. Apige.

Km 92,610, kesho yake

Tunarudi, barabara kuu kavu, na kwenye kilomita 90 kwa saa gari limeanza kutetemeka. Mtetemo uleule wa Septemba. Nimehisi tumbo likinishuka: pete! Nimeingia pembeni, nikatoa jeki, nikakumbuka kwamba hizi rimu za pili hazina pete kabisa, tundu lake ni 56.1 tangu zilipozaliwa.

Nikachuchumaa na tochi. Ndani ya rimu, upande usioonekana, theluji iliyoyeyuka mchana ilikuwa imeganda usiku kuwa kipande cha barafu upande mmoja, kizito kama tofali dogo. Magurudumu matatu kati ya manne. Nimekibandua kwa mpini wa spana na maji ya uvuguvugu ya chupa ya chai. Kilomita 110, kimya.

Km 94,870, Machi

Wiki nzima asubuhi haijashuka chini ya nyuzi 9. Matairi ya baridi yametoka. Yalianza na milimita 8, sasa nyuma 6.4, mbele 6.9. Chini ya 4 sitaenda nayo theluji, ingawa sheria za sehemu nyingi zinaruhusu hadi 1.6. Austria hawaruhusu: tairi lenye chini ya milimita 4 huko halihesabiwi kuwa la baridi. Msimu ujao nitabadilishana mbele na nyuma.

Seti ya kiangazi imetoka stoo, na hapo ndipo nilipogundua kazi ya chaki niliyojisifia Novemba. Nimeandika MK, MK, NK, NK. Mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Ya baridi yana mshale, hayapotei. Haya ya kiangazi yameandikwa tu upande wa nje na wa ndani, yanakaa popote. Nimeyafunga kwa kubahatisha, nimekaza Nm 120, na safari hii ya baridi nimeyaandika namba, 1 hadi 4.